Apu, menyu ya nyota, mashine yenye laini au mhudumu wa mtaa: ipi ifuatilie presha ya mgonjwa akiwa nyumbani?

Weka picha hii kwanza. Bibi ana miaka 67, anaishi Mkuranga ndani ndani huko, presha anayo miaka mingi, kliniki anaenda mara moja kwa mwezi. Siku ya kliniki anaamka saa kumi alfajiri, anapanda bodaboda afu daladala, anafika kachoka na hajatia kitu tumboni, anapimwa inasoma 172 kwa 98, anaongezewa dozi. Akirudi nyumbani anaanza kuona kizunguzungu kila akiinuka kitandani, kwa sababu nyumbani presha yake haijawahi kufika 172 hata siku moja. Na kuna wa upande wa pili, baba ambaye kliniki anasoma vizuri tu maana wiki ya kliniki ndo anayomeza dawa, zile wiki tatu zilizobaki hamezi. Wote wawili huwezi kuwajua mpaka upate namba za nyumbani.

Kazi yangu ni kuchora na kujenga mifumo ya namna hii, na ombi ninaloletewa karibu kila mara linakuja hivi: "tunataka apu". Sasa apu ni njia moja kati ya nne ambazo mimi nazijua zinafanya kazi huku kwetu, kwaiyo naziweka zote hapa ubavu kwa ubavu, kwa mfano wa presha maana ndo ninayoijua zaidi, ingawa sukari na mama mjamzito wanapita njia hizohizo kwa sehemu kubwa.

Kabla ya njia yoyote kuna swali moja nawauliza watu wa kituo. Jumamosi saa tatu usiku imeingia namba 190 kwa 122, nani anaiona na anafanya nini? Jibu likiwa "itaonekana kwenye dashibodi" basi bado hatujaanza. Nilishawahi kuitwa kwenye kituo kimoja kina dashibodi nzuri kweli, nyekundu njano kijani, zile nyekundu zimejipanga tangu Ijumaa hakuna aliyezifungua kwa sababu nesi mwenye nywila alikuwa likizo. Iliniuma sana ile, maana kila nyekundu pale ni mtu aliyekaa nyumbani kwake akiamini kuna anayemwangalia. Tangu siku ile kila njia naipima kwa kitu hicho kimoja, inamfikisha mgonjwa kwa binadamu anayejibu au inaishia kwenye skrini.

Ambacho hakibadiliki uchague njia yoyote

Mashine iwe ya mkono wa juu, ile ya kuvaa kama saa achana nayo. Iwe imepimwa kwa kiwango cha ISO 81060-2, na orodha ya mashine zilizothibitishwa ipo kwenye tovuti ya STRIDE BP bure kabisa, angalia kabla ya kununua maana madukani zimejaa ambazo hazipo kwenye orodha yoyote. Mkanda uendane na mkono, mama mwenye mkono mnene ukimvalisha mkanda mdogo namba zinapanda bila presha yake kupanda, na hakuna programu duniani itakayorekebisha hilo baadaye.

Mgonjwa anakaa kimya dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini, haongei. Anapima mara mbili kwa kupishana dakika moja, asubuhi na jioni, siku 7. Hivyo ni vipimo 28, vya siku ya kwanza unaviacha vinabaki 24 unatafuta wastani. Mstari wa presha ya juu kwa vipimo vya nyumbani ni 135/85, wakati wa hospitali ni 140/90, na nimeona mifumo mingi imewekewa 140/90 kwa namba za nyumbani kwa sababu aliyeandika programu kaichukua kwenye bango la ukutani kliniki. Hapo unakosa watu kimyakimya.

Iweke hiyo 28 kichwani, maana ndo mzigo wenyewe: njia gani itambebesha bibi wa Mkuranga namba 28 kwa wiki bila kumchosha?

Apu na mashine ya Bluetooth

Hii ndo inayopendeza kwenye kikao. Mgonjwa anapima, namba inaruka yenyewe kwenye simu, simu inaituma kwenye seva, hakuna anayeandika kitu. Ikifanya kazi hakuna njia safi kuliko hii, unapata saa ya kipimo, mapigo ya moyo, vyote 28 bila kosa la kuandika.

Ila kuna mambo. La kwanza, mashine nyingi zinasema zina Bluetooth lakini zinaongea lugha ya mtengenezaji peke yake, mpaka utumie apu yake na seva yake, namba za wagonjwa wako zinaenda kukaa usikokujua. Tangu 2011 kuna utaratibu wa wazi wa Bluetooth kwa ajili ya presha, huduma yake inatambulika kwa namba 0x1810, na ya sukari 0x1808. Kabla hujaagiza mashine 200 agiza moja, ipime kwa apu yoyote ya bure ya kuchungulia Bluetooth, kama huioni hiyo 0x1810 muulize muuzaji maswali magumu.

La pili ni ruhusa. Kwenye Android kuanzia toleo la 6 mpaka la 11, apu ikitaka kutafuta mashine kwa Bluetooth lazima iombe ruhusa ya kujua mahali ulipo, kuanzia la 12 ndo ikatenganishwa. Sasa mwambie mzee simu inataka kujua yuko wapi ili ipime presha yake, atakataa, na kwa upande wake ana haki kabisa. Afu simu nyingi za bei ya chini zinaua apu zinazokaa nyuma ili kutunza chaji, kwaiyo ile ya "namba inaruka yenyewe" inatokea tu mtu akiifungua apu mwenyewe kwanza.

La tatu hili hata wenye uzoefu linawapiga: saa ya mashine. Betri zikitolewa, mashine nyingi zinasahau tarehe, zinarudi mwaka wa kiwandani huko, zikiunganishwa zinamwaga vipimo vyote vya kumbukumbu vikiwa na tarehe za uongo. Hifadhi saa mbili kila mara, ile ya mashine na ile simu ilipopokea, zikipishana sana kipimo kisiingie kwenye wastani mpaka mtu akiangalie. Na babu na bibi wanatumia mashine moja, ina kitufe cha mtumiaji wa 1 na wa 2, hakuna anayekibonyeza, kwaiyo unajikuta una mgonjwa mmoja mwenye presha mbili. Kwenye apu weka swali moja kubwa kila kipimo kinapoingia, "hii ni ya nani?", lenye majina mawili ya kugusa.

Menyu ya nyota na reli, pamoja na meseji

Kila mtu anayejua kupiga *150*00# anaijua hii njia tayari, humfundishi upya. Inafanya kazi kwenye kiswaswadu, haihitaji bando, na ukiingia makubaliano na kampuni ya simu au dalali wao gharama inakula kwako, mgonjwa hakatwi hata senti. Kwa bibi wetu hii ni kubwa, salio lake ni la kumpigia mwanae.

Rwanda ndo walioonyesha njia hii inaweza kubeba nchi. Babyl, huduma ya kutibiwa kwa simu, walianza 2016, mtu anapiga *811# kwenye simu yoyote, nesi anampigia kwa sauti, akihitajika daktari anapewa, dawa na vipimo vinakuja kama namba kwenye meseji anaipeleka duka la dawa au maabara. Watu zaidi ya milioni 2 walijiandikisha. Mwisho wake nitaurudia chini maana una somo jingine.

Udhaifu wake upo kwenye vidole. Kila ukurasa una herufi 182 tu, kikao kinakatika baada ya dakika chache, na mtu anaandika mwenyewe. Makosa yanajirudia yaleyale: namba ya juu na ya chini zinabadilishana nafasi, au mapigo ya moyo yanaandikwa mahali pa namba ya chini kwa sababu kwenye kioo yako chini kabisa. Kwaiyo uliza namba moja kwa kila ukurasa, ukiita "ya juu kabisa" na "ya katikati", kataa ya juu isiyozidi ya katikati, na mwisho mrudishie alichoandika athibitishe. Vipimo viwili vya asubuhi viingie kwenye kikao kimoja, vya jioni kikao kingine, hivyo ni vikao 14 kwa wiki, inabebeka.

Kwenye meseji kuna mtego wa Kiswahili chetu. Meseji moja inabeba herufi 160, ila ukiweka alama moja tu iliyo nje ya orodha ya zamani ya herufi za simu inashuka mpaka 70. Ile koma ya juu ya kwenye "ng'" ukiinakili kutoka kwenye Word inakuja imepinda, na iliyopinda haipo kwenye orodha. Ujumbe wako wenye "kung'ang'ania" unageuka meseji mbili au tatu kwa kila mgonjwa kila siku, bili inapanda na hakuna anayejua kwa nini. Andika koma iliyonyooka au badilisha neno.

Jingine la kusema wazi: meseji na menyu hizi hazijafungwa kwa siri toka mwanzo mpaka mwisho, na meseji inabaki kwenye simu ambayo nyumba nzima inashika. Usitaje ugonjwa. "Umefika muda wa kupima, piga namba yako" inatosha.

Mashine yenye laini ndani yake

Mgonjwa anavaa mkanda, anabonyeza kitufe kimoja, mashine yenyewe ina laini na inatuma. Hakuna apu, hakuna simu janja, hakuna kuandika. Kwa mzee anayeishi peke yake na macho yamepungua mimi naona hakuna inayoishinda, na nasema hivyo nikijua ndo ya gharama kubwa kuliko zote kwa mgonjwa mmoja, maana unalipia mashine, laini na data kila mwezi.

Tahadhari ni ya mtandao. Zilizotengenezwa kwa soko la Marekani mara nyingi hazina 2G wala 3G kwa sababu kule kampuni kubwa zilishazima 3G mwaka 2022, zinategemea aina za 4G za vifaa vidogo ambazo minara ya kijijini kwako inaweza isiwe nazo. Huku 2G bado ndo inafika mbali. Soma karatasi ya mashine, angalia masafa, afu chukua moja ukalale nayo kijijini kwenyewe siku tatu kabla ya kusaini chochote. Na hakikisha ikikosa mtandao inatunza vipimo na kuvituma baadaye, siyo inatupa.

Mhudumu wa afya ya jamii na simu yake

Hii wengi hawaihesabu kama teknolojia, na kwangu ndo ya kwanza kuifikiria. Mhudumu anapita nyumbani na mashine moja, anapima, anaandika kwenye simu ya kazi, hata pasipo mtandao inatunza na kusukuma akifika penye mnara. Zanzibar wanayo Jamii ni Afya, mpango wao wa wahudumu wenye simu, Kenya walipeleka eCHIS, mfumo wao wa kidijitali wa wahudumu wa jamii, na kuwapa vifaa wahudumu 100,000 mwaka 2023, na programu za wazi kama Community Health Toolkit na CommCare zimejengwa kwa kazi hii hasa, huhitaji kuanza na karatasi tupu.

Mashine moja inahudumia nyumba nyingi, mkanda unavaliwa sawasawa, na kuna binadamu pale anayeona kwamba vidonge vimejaa kwenye pakiti havijaguswa. Ila hupati vipimo 28, unapata viwili vitatu kwa wiki, kwaiyo ile hesabu ya siku 7 haipo. Na mhudumu akiwa halipwi posho kwa wakati mfumo wako umekufa hata kama seva inawaka.

Kwa upande wa programu, kila kipimo kipewe kitambulisho chake cha pekee palepale kwenye simu kinapozaliwa. Mtandao ukikatika katikati simu itatuma tena, na bila kitambulisho seva inahesabu kipimo kimoja mara tatu.

Ukiziweka pamoja

Kwa usahihi wa namba, mashine yenye laini na Bluetooth ziko mbele, mhudumu anafuata, menyu ya nyota ya mwisho ila kwa ukaguzi mzuri inasogea karibu. Kwa kufika mbali menyu ya nyota inaongoza, mhudumu wa pili. Kwa gharama inayomwangukia mgonjwa mwenyewe apu ndo mbaya kuliko zote, simu janja, chaji na bando vyote vyake. Kwa siri apu na mashine yenye laini ni nzuri, meseji ni dhaifu. Na kwa kile ninachokipima mimi, yaani kumfikia binadamu, mhudumu yupo tayari mlangoni, zile tatu nyingine zinategemea kabisa ulichopanga upande wa pili.

Upande wa pili naupanga hivi. Ikiingia 180 kwa 120 au zaidi, mfumo usipige kelele papo hapo, umwambie mgonjwa apumzike dakika 5 apime tena, na umuulize dalili: maumivu ya kifua, kukosa pumzi, upande mmoja wa mwili kulegea, kuona ukungu, kushindwa kuongea vizuri. Dalili moja tu ikiwepo ni dharura, usisubiri kipimo cha pili. Kwa mjamzito mstari ni 160/110. Kisha simu inaita kwa nesi wa zamu, simu ya sauti, asipopokea ndani ya dakika 10 inaita kwa wa pili, asipopokea inaita kwa mganga wa zamu, na mgonjwa anapata ujumbe unaomwambia aende wapi bila kusubiri. Tahadhari ambayo haijapokelewa isijifute yenyewe.

Sauti ndo inayobeba mzigo. Tanzania tunao m-mama, mama mjamzito au mhudumu anapiga 115 bure, mpokeaji simu anauliza maswali, anatafuta ambulensi au dereva wa jirani na dereva analipwa kwa simu. Kiini chake ni simu ya sauti na mtu aliyekaa kuipokea, ndo maana inafika vijijini.

Video au sauti?

Wanaotaka apu wanataka na video. Hesabu kidogo: video ya kawaida ya 500 kbps kila upande kwa dakika 15 inakula karibu MB 112 ukijumlisha kwenda na kurudi, sauti peke yake kwa intaneti ni kama MB 9. Kwa presha video inaongeza kitu kidogo sana. Kwa kidonda cha mguu wa mwenye sukari picha moja nzuri iliyotumwa inashinda video inayokatikakatika, daktari anaikuza na kuiangalia akiwa na nafasi. Video ningeiweka kwa afya ya akili, mazoezi ya viungo, na kumuona mtoto anavyopumua. Ukiiweka, tumia WebRTC, yaani teknolojia ya wazi ya kupiga video kwa intaneti, Jitsi ni programu ya bure inayoitumia na inafungika kwenye seva yako, na usisahau seva ya kupokezana aina ya TURN kwa sababu kampuni za simu zinaficha simu nyingi nyuma ya anwani moja, bila hiyo ofisini kwenye waifai itafanya kazi na kwa mgonjwa haitaunganika, utabaki unashangaa.

Data ikae wapi na siku muuzaji akiondoka

Sasa ule mwisho wa Babyl. Kampuni mama, Babylon, ilianguka 2023 na huduma ya Rwanda ikafungwa mwaka huohuo, wakati wagonjwa walikuwa wanaitegemea na teknolojia ilikuwa inafanya kazi. Kwaiyo kwenye ulinganisho wako weka mstari wa hili: muuzaji akifunga kesho, unabaki na nini mkononi? Dai kwenye mkataba kwamba kila mwezi unapewa nakala ya data yote kwa muundo wa FHIR, ule wa kimataifa wa kubadilishana data za afya, presha ikiwa na namba ya LOINC, orodha ya kimataifa ya majina ya vipimo, 85354-9, ya juu 8480-6 na ya chini 8462-4. Kwa namna hiyo mfumo mwingine wowote wa maana unaisoma, ikiwemo OpenMRS, programu ya wazi ya kumbukumbu za wagonjwa ambayo mizizi yake ni Eldoret tangu 2004. Nakala hiyo ijaribu kuifungua mwenyewe, usiridhike na ahadi.

Na sheria zipo. Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika 1 Mei 2023, taarifa za afya ni nyeti, na kituo kinatakiwa kujisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kenya wana ya 2019 na Sheria ya Afya ya Kidijitali ya 2023. Muuzaji ambaye hajui data inalala nchi gani mtoe kwenye orodha hapohapo.

Ningechagua nini

Kwa kituo cha wilaya chenye wagonjwa mia chache na manesi wawili, ningechanganya menyu ya nyota na mhudumu. Mgonjwa anaazimwa mashine wiki moja kila baada ya miezi mitatu, anaingiza vipimo kwa nyota na reli, mfumo unatoa wastani, wiki nyingine mhudumu anapita. Mashine 40 zinazunguka zinahudumia watu 400 na ushee kwa miezi mitatu hata ukiacha nafasi ya kuzirudisha na kuzisafisha. Kwa kliniki ya mjini ambayo wagonjwa wana simu janja na waifai nyumbani, apu na Bluetooth sawa, ila acha na njia ya kuandika kwa mkono maana mashine itagoma tu siku moja. Mashine zenye laini ningenunua chache, kwa wazee wanaoishi peke yao na mama wajawazito waliowahi kupata kifafa cha mimba, hapo gharama yake naitetea mbele ya yeyote.

Kwa bibi wa Mkuranga: kiswaswadu chake, mashine ya kuazima yenye mkanda wa saizi yake, mjukuu wa darasa la sita amefundishwa kusoma namba ya juu na ya katikati, na namba ya nesi wa zamu imeandikwa kwa maka nene nyuma ya mashine. Kabla ya kumwandikisha mtu wa pili, ingiza namba 190 kwa 122 ya majaribio Jumamosi saa tatu usiku, bila kumwambia mtu, afu kaa na saa yako uone simu ya nani inaita na anapokea baada ya dakika ngapi.